Baada ya Sijambo

Asubuhi ya kwanza baada ya kuruhusiwa kutoka wodini, Bi Mwantumu Mndolwa aliamshwa na sauti yake mwenyewe ikimpa shikamoo.

"Shikamoo, mama," kilisema kisanduku kilichokuwa juu ya kabati la vyombo. "Umeamkaje?"

Akajiinua kwa kiwiko, akakitazama. Si kwamba hakujua. Kwa miaka thelathini na mitatu kila mgonjwa aliyerudishwa nyumbani katika mkoa ule, kuanzia mashamba ya mkonge mpaka vijiji vya juu milimani, aliamkiwa kwa sauti ya Bi Mwantumu. Alikwisha kuisikia madirishani kwa watu akipita na kikapu chake cha sokoni, akaizoea kama mtu anavyozoea kuitwa jina lake. Ila haikupata hata siku moja kumwamkia yeye. Sasa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye meno yote na pumzi za kupandia mlima, alikuwa juu ya kabati akimwamkia bibi wa miaka sabini na mmoja, na bibi hakuwa na la kufanya ila kuitikia.

"Marahaba."

"Hujambo?"

Kifua kilikuwa kimembana tangu alfajiri. Alikuwa amelala ameegemea mito mitatu, maana akilala chali alihisi maji yakimpanda mpaka shingoni. Yote hayo aliyajua, na angekuwa mgonjwa wake angeyaandika kwenye daftari hata kabla ya kuketi. Ulimi haukumngoja.

"Sijambo," akasema.

"Vizuri. Kunywa dawa ya asubuhi, halafu upumzike. Siku njema."

Taa ya kijani ikawaka. Na kabla haijazimika, nyuma kabisa ya neno la mwisho, ikasikika kengele ya baiskeli, mbali, mara mbili.

Bi Mwantumu akaweka mkono mdomoni. Huko madirishani ilipotea kwenye kelele za njia, akawa ameisahau. Mkoa mzima ulidhani ile ndiyo namna ya mashine kuaga. Watoto waliokulia kwenye nyumba zenye visanduku waliiigiza wakicheza hospitali. Mtu mmoja tu duniani alijua kuwa ile ni baiskeli ya Mbaruku, mumewe, siku ya nne ya kurekodi, alipokuja kumchukua akaona wanamchelewesha. Mbaruku alikuwa na miaka tisa kaburini. Bi Mwantumu alilia kidogo, kwa raha na uchungu pamoja, halafu akaenda kunywa dawa kama alivyojiagiza mwenyewe.

*

Huduma yenyewe kwenye karatasi iliitwa Ukaribu, jina ambalo hakuna aliyelitumia. Mgonjwa akiruhusiwa alibandikwa chini ya mtulinga kibandiko kidogo cha rangi ya ngozi, na watu wa mji wa Bi Mwantumu, Kwemzindi, ambao hawaachi kitu bila kukipa jina, wakakiita kigaga. Kigaga kilihesabu mapigo ya moyo, pumzi, joto na hatua, kikapeleka kila kitu Kituo Kikuu. Mgonjwa akizidiwa waziwazi, gari lisilo na dereva lilitumwa kumchukua. Akiwa mzima waziwazi, aliachwa. Tabu ilikuwa kwa wale wa katikati, ambao hesabu zao hazikusema ndiyo wala hapana, nao ndio waliokuwa wengi. Hao waliulizwa kwa mdomo. Kisanduku kiliwaamkia saa moja asubuhi, kikawauliza kama hawajambo, na jibu lao ndilo lililoamua.

Anayewajua watu wetu ameshaanza kutikisa kichwa. Nani aliyelelewa vizuri akaulizwa hujambo, akajibu anaumwa? Mtu huvunjika mguu akasema sijambo, akafiwa akasema njema, ndipo baadaye, mgeni akishakaa na kutulia, aongeze lile neno dogo: ila. Sijambo, ila homa. Njema, ila usiku hatukulala. Ugonjwa wote wa mkoa ule ulijificha nyuma ya hiyo ila.

Bi Mwantumu alilijua hilo kabla vigaga havijazaliwa, alipokuwa muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani kwa miguu, na watu wakimwita Nesi Tumu. Alikuwa na njia yake, ambayo chuoni hakufundishwa. Akifika alisalimu, akajibiwa hawajambo, asibishe. Aliweka mkoba chini, akauliza kama kuku wanataga na mtoto kafaulu. Halafu akaomba maji ya kunywa. Hakuna nyumba, hata iwe fukara namna gani, inayomnyima mgeni maji, na hakuna mgonjwa aliyekubali mgeni wake apewe maji na mtu mwingine ilhali miguu yake bado inamchukua. Basi alinyanyuka. Bi Mwantumu aliangalia anashika wapi akinyanyuka, anapumua vipi akirudi, maji yanatikisika kiasi gani kikombeni. Mgonjwa akishakaa tena, pumzi zikiwa bado juu, ile ila ilitoka yenyewe.

Haya yote aliyaeleza siku alipochaguliwa. Enzi hizo matapeli walikuwa wameanza kuunda sauti za watu, bibi anapigiwa simu ya msiba na mjukuu ambaye amelala chumba cha pili, mpaka ikatungwa Sheria ya Sauti. Sauti yoyote inayoingia nyumba ya mgonjwa sharti itoke kwenye koo la mtu, neno kwa neno. Mwenye koo ana haki ya kuiondoa wakati wowote, na ikiondolewa inafutwa yote, isibaki hata pumzi. Wakatafuta koo. Wagonjwa walipoulizwa wangependa kuamkiwa na nani, walimtaja Nesi Tumu.

Walirekodi kwenye ghala la dawa, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Fundi wa sauti alikuwa kijana mpole, jina lake Lutengano, na alimketisha juu ya kreti lililowekewa mto. Bi Mwantumu akasema, "Hujambo?" akanyamaza. Alinyamaza kwa kadiri ya mtu kwenda mtungini na kurudi, halafu akasema, "Naomba maji ya kunywa."

Lutengano akavua visikizio vya masikioni. "Samahani, dada Tumu. Mashine itaomba maji?"

"Itaomba."

"Watatucheka. Na hicho kimya, mtu atadhani imeharibika, atachomoa waya."

Bi Mwantumu alibisha mara moja. Mara ya pili hakubisha. Ilikuwa siku ya nne, joto la ghala limemchosha, Mbaruku yuko nje anapiga kengele, naye ana furaha ya kuchaguliwa, ile furaha inayomfanya mtu asipende kuonekana msumbufu. Kimya kikakatwa. Maji yakakatwa. Ikabaki hujambo, vizuri, siku njema, na kengele ambayo Lutengano aliisikia akaiacha kwa sababu, alisema, inachangamsha.

*

Jirani yake upande wa michungwa alikuwa Mzee Kapela, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge na hakurudi tena Tabora. Bi Mwantumu ni Mzigua wa Handeni, kwa hiyo walikuwa watani, na kwa miaka arobaini hawakuwahi kuambiana neno la maana bila kwanza kutukanana. Mzee Kapela naye alikuwa na kigaga, alichotoka nacho wodini mwezi mmoja kabla yake.

Siku ya tano ya kurudi nyumbani, Bi Mwantumu alijikongoja mpaka barazani kwa mtani wake. Alikwenda mapema makusudi. Alitaka kuisikia ile sauti ikiwa kazini kwenye nyumba ya mtu.

"Waambaje, Mzigua?" Mzee Kapela alikuwa kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. "Nilisikia umekufa. Nimeshaanza kugawa vyungu vyako."

"Nimekuja nikuzike kwanza, ndipo nife kwa raha."

Walicheka mpaka wote wawili wakakohoa. Saa moja ilipofika, kisanduku cha Kapela kikaita kutoka ndani.

"Shikamoo, baba. Umeamkaje?"

"Marahaba, mchumba."

"Hujambo?"

"Sijambo kabisa."

"Vizuri. Kunywa dawa ya asubuhi, halafu upumzike. Siku njema." Na ile kengele.

Bi Mwantumu hakuwa akikisikiliza kisanduku tena. Alikuwa akiutazama uso wa mtani wake, umevimba chini ya macho, na jinsi alivyokata "sijambo kabisa" katikati ili avute pumzi.

"Kapela," akasema, "naomba maji ya kunywa."

Mzee Kapela akamtazama, akatabasamu polepole. "Leo una kiu kweli?"

"Kiu ni kiu."

"Ulipokuwa ukija kumwona mama watoto ulikuwa unaomba hivyohivyo. Unapokea, unashukuru, nikigeuka unayamwaga kwenye mgomba. Mgomba ule ulinenepa kuliko yote. Nikasema huyu nesi ana lake jambo." Akapumzika kidogo. "Sanduku lako haliombi maji. Ndiyo maana nalipenda."

Hata hivyo alinyanyuka. Mgeni ni mgeni hata akiwa mtani aliyekuja kukutega. Alipiga hatua tatu, akashika mwimo wa mlango. Akasimama palepale ameipa baraza kisogo, mabega yakipanda na kushuka, na kikombe hakikuletwa.

"Umeniona," akasema bila kugeuka.

"Nimekuona."

"Basi ninyamazie."

Akarudi kukaa, akamweleza kwa vipande, kadiri pumzi zilivyomruhusu. Mkewe, Nyamizi, alichukuliwa na lile gari asubuhi kama hii. Hakukuwa na dereva wa kumwambia aende polepole kwenye mashimo, wala mtu wa kumshika mkono njiani. Alirudi amefunikwa. Michungwa ile waliipanda wawili, yeye akichimba, Nyamizi akimwagilia. Zimebaki kama wiki tatu, mvua za vuli zikishika, itoe maua. Alitaka harufu yake imkute mara moja tena kitandani kwake, dirisha likiwa wazi. Baada ya hapo waje hata na magari kumi.

"Kigaga kitakusema," alisema Bi Mwantumu.

"Kigaga kinasema mimi ni wa katikati. Kinachoamua ni mdomo, na mdomo ni wangu."

Bi Mwantumu alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kujua siri za wagonjwa, na nyingine alizinyamazia mpaka leo. Alijua pia kuwa pembeni ya kile kisanduku kuna kitufe chekundu cha kuitia gari, na kwamba ni hatua chache tu kukifikia. Alikaa na mtani wake mpaka jua likawafikia miguuni. Walizungumza habari za Nyamizi, na za sherehe moja ya zamani ambako Mbaruku alicheza mpaka kiatu kikaachia soli. Halafu akaenda zake.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, Mzee Kapela alifariki. Vichipukizi vya maua vilikuwa vidogo bado, kama punje za mtama. Saa moja asubuhi hiyohiyo alikuwa amesema hajambo.

*

Aliyekuja kuchukua kisanduku cha marehemu alikuwa Nesi Nakiete wa Kituo Kikuu, binti wa Kipare mwenye sauti ya chini na viatu vilivyojaa vumbi la mazikoni. Alitoa pole kwa wafiwa, kisha akapita kwa Bi Mwantumu, kwa sababu hesabu zake nazo zilikuwa za katikati. Akamwamkia, akamshika miguu iliyovimba, akamwongezea dawa ya kupunguza maji mwilini. Halafu akabaki ameketi, kama mtu mwenye neno.

"Bibi, nikwambie kitu? Nyanya yangu aliugua miaka miwili. Kila asubuhi nilikuwa nakaa karibu na sanduku ili nikusikie. Ndiyo sababu nikasomea uuguzi."

Siku nyingine Bi Mwantumu angefurahi. Aliuliza, "Faili la Kapela linasemaje siku ile?"

Nakiete akafungua kioo chake cha mafaili. "Ana nafuu. Anasema hajambo."

"Wangapi wamekufa siku ileile waliyosema hawajambo?"

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, bibi." Akakifunga kioo. "Lakini tunajua. Sisi wa zamu tunajua."

"Na Kapela? Angefikishwa kwenu?"

Nakiete alisita. Alikuwa bado kijana, hajajua ni ukweli upi wa kuubana. "Daktari amepitia hesabu zake. Yalikuwa maji yamejaa mapafuni. Anaona dawa ya mshipa, siku nne au tano, pengine angerudi nyumbani."

"Kabla ya maua."

"Maua gani, bibi?"

Bi Mwantumu aligeukia dirisha, ambako michungwa ya mtani wake ilionekana juu ya ua, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo kigaga hakikuumbwa kuipima. Alidhani alimheshimu Kapela kwa kumnyamazia. Kumbe alimnyima kile kitu kimoja alichokitaka, harufu ya michungwa yake. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, ndivyo wasemavyo, lakini hakukumbuka msemo wowote unaomhusu anayemsaidia kuficha.

"Nataka kuiondoa sauti yangu," akasema.

Nakiete akashtuka. "Bibi, ni wagonjwa elfu kumi na moja. Mkoa wa jirani walijaribu koo jingine, watu wakayafunika masanduku kwa vitambaa."

"Sikusema niondoke. Niiondoe ile ya zamani, niweke hii niliyo nayo." Na akamweleza habari za mkoba chini, za kuku, za kimya, za kikombe cha maji. Nakiete alianza kwa kucheka na akaishia kwa kusogeza kiti karibu.

"Wasioweza kunyanyuka je?"

"Watasema hawawezi. Mgonjwa hasemi 'naumwa', lakini mgeni akiomba maji, ataona haya kutomwambia kwa nini hapewi."

"Lakini bibi, si tunawatega? Wanaleta maji kwa adabu yao, sisi tunawapima."

Hilo ndilo swali lililomkosesha Bi Mwantumu usingizi tangu mazikoni, na alifurahi kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine. "Tunawatega," akasema. "Nami niliwatega miaka yote, sikuwa na kiu hata siku moja. Ila mimi nikishajua, nilikaa nao. Tulipatana. Mwingine nilimbembeleza siku mbili ndipo akakubali kwenda. Sanduku likijua, linaita gari. Watu wanaliogopa gari kuliko ugonjwa, ndiyo maana wanalidanganya." Akangoja pumzi zirudi. "Kwa hiyo nina sharti. Mgonjwa akishasema lake, sauti imuulize: nije kukuona? Akikubali, aje mtu. Aje na miguu yake, akae, aombe maji yake mwenyewe. Kama hakati roho palepale, gari lisimtangulie mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema gari njoo."

"Hatuko wengi wa kutembea, bibi."

"Mimi nilikuwa peke yangu. Wakikataa, waambie sauti haipo."

Nakiete aliandika yote. Alipofika mwisho akasema, kwa kutaka kumliwaza, "Lakini ile kengele ya mashine tutaiacha ileile. Watu wanaipenda."

"Siyo ya mashine."

Ikabidi amweleze hiyo nayo. Mbaruku alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kumwambia mkewe kuwa amemkumbuka. Alipiga kengele mara mbili, basi. Jioni zote za ujana wake Bi Mwantumu aliisikia kengele ile akiwa kwenye nyumba ya mgonjwa wa mwisho, akafunga mkoba, akapanda nyuma ya baiskeli na kuegemeza shavu mgongoni kwa mumewe, shati likinuka maranda ya mbao na jasho. Hakuna alichokitamani duniani kuliko kuegemea pale mara moja tena.

Nakiete alifuta macho kwa kiganja. Sheria alikuwa anaijua. Akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Naweza kuinakili, bibi. Kengele tu. Hakuna atakayejua."

Bi Mwantumu aliitaka, na hakujificha kwamba anaitaka.

"Kengele ile iliniita nyumbani kabla kazi haijaisha," akasema mwishowe. "Nami nikaenda. Usiinakili."

*

Kituo Kikuu kilibishana siku nyingi, kikakubali kwa majaribio ya miezi mitatu. Sauti mpya ingeingia mkoa mzima na ya zamani kufutwa, ila wagonjwa wa Kwemzindi na vijiji vyake ndio wangeanza kuombwa maji, na wauguzi sita wangetolewa kwenye vioo wapewe mikoba. Nakiete aliomba awe mmoja wao. Alikuja na kinasa sauti, wakaegemeza godoro dirishani kama zamani, na Bi Mwantumu akarekodi maneno kumi, akapumzika, akarekodi mengine kumi. Ilichukua siku tano na ilimchosha kuliko alivyokubali kusema. Kile kimya alikipima mwenyewe, kwa kumtuma Nakiete mtungini na kurudi, polepole, kama mtu anayeumwa.

Asubuhi ya mwisho ya sauti ya zamani aliamka mapema, akaoga, akajifunga kanga ambayo Mbaruku alimnunulia. Akakaa mbele ya kabati kama mtu anayesindikiza msafiri. Yule mwanamke wa miaka thelathini na minane alimpa shikamoo, akamwuliza hali, akamtakia siku njema bila kungoja, na nyuma yake kengele ikalia mara mbili. Taa ikazimika. Bi Mwantumu akasema, "Nakuja," ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Usiku ule michungwa ya Kapela ikafunguka yote. Kulipokucha, harufu ilikuwa imejaa chumbani mpaka kwenye shuka, tamu na nzito, na Bi Mwantumu alilala ameketi kwenye mito yake akiivuta kwa niaba ya mtu mwingine. Saa moja kisanduku kikaamka.

"Hujambo, ndugu yangu?" Ilikuwa sauti ya kizee, yenye mikwaruzo, ikivuta pumzi kila baada ya maneno matatu.

"Sijambo," akajibu Bi Mwantumu, na akajicheka, kwa maana hata yeye alinaswa.

Kisanduku hakikusema vizuri. Kilinyamaza. Alijua urefu wa kile kimya, alikuwa amekipima kwa mkono wake, na bado kilimtia haya. Akarekebisha kanga. Akaupangusa mto usio na vumbi.

"Naomba maji ya kunywa," kikasema. "Nimetoka mbali."

"Mwongo mkubwa," akakiambia, lakini miguu ilikuwa imeshashuka kitandani.

Mtungini ni hatua kumi na moja. Ya nne alishika kiti, ya saba alishika meza, na alipochota, maji yakatikisika yakamlowesha kidole. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mke wa fundi cherehani, aliyejifungua kwa upasuaji wiki iliyopita. Alimsikia akigonga kikombe kwenye ndoo na kumwuliza mumewe, kwa kicheko, sasa hili sanduku linakunywa vipi. Mumewe akamjibu wewe lipe tu, ni mgeni.

Bi Mwantumu aliweka kikombe juu ya kabati, mbele ya kisanduku, akavuta kiti akaketi. Mgeni hakunywa, wala hakuaga. Taa ilikuwa ya manjano, imetulia.

"Ila," akasema Bi Mwantumu.

Kisanduku kikangoja.

"Ila tangu juzi nimerudi kulala nimekaa. Kifua hakinipi nafasi. Na miguu..." Pumzi zikamwishia. Akasubiri zirudi, na kisanduku kikasubiri pamoja naye, kama alivyokifundisha.

"Nije kukuona?" kikauliza.

Alitega sikio nje. Hakukuwa na kengele, palikuwa na nyuki tu, wengi, kwenye michungwa ya Kapela.

"Njoo," akasema, na akakisogeza kile kikombe upande wa mlangoni, ili atakayefika ayakute maji.